Mpima Nyufa Aliyekula Juani

Saa sita mchana, kazi ikisimama, sisi vibarua tulikimbilia kivuli cha kuta. Magofu ya Songo Mnara hayana uhaba wa kuta. Kila mtu alikuwa na wake, na mwenye kuchelewa alikaa miguu nje. Mpima nyufa peke yake alikwenda katikati ya uwanja, kwenye jua kali, akafungua mwavuli mweusi, akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa akala wali wake hapo. Tulidhani ana majivuno. Siku ya tatu fundi mkuu akamwita.

"Mzee, njoo kivulini! Jua litakumaliza."

"Jua nalifahamu," akajibu. "Huo ukuta bado hatujajuana."

Tulicheka mpaka wali ukatupalia. Lakini kesho yake, kabla sijakaa, nilijikuta nimeinua macho kutazama juu.

Nitamwita Mpimaji, kwa sababu hivyo ndivyo sote tulivyomwita. Alikuja na mradi wa kukarabati magofu, na kazi yake haikuwa kujenga wala kubomoa. Ilikuwa kuangalia nyufa zinafanya nini. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, alikuwa fundi wa maabara chuoni, akivunja vipande vya zege kwa mashine ili ijulikane vinavumilia uzito kiasi gani. "Nimevunja vitu maisha yangu yote," aliniambia. "Sasa nataka kukaa na vitu ambavyo havijavunjika." Kwao ni huko juu, uwanda wa Wamakonde, na alikuwa Mkristo asiyekosa Jumapili. Mwezi wa Ramadhani hakuthubutu kunywa maji mbele yetu. Matokeo yake ni kwamba ikifika saa nane mchana alikuwa na hasira kuliko mtu yeyote kisiwani, na sisi tuliofunga ndio tuliombembeleza yeye asiyefunga.

Mimi nilikuwa nakoroga chokaa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliiacha kidato cha pili baba alipofariki, na mama akamfuata miaka miwili baadaye. Nikabaki mkubwa wa watoto wanne, katika nyumba ya mawe aliyoijenga babu yetu hapa Pande. Chokaa niliijua tangu utotoni, kwa sababu babu alikuwa akiichoma mwenyewe na mama alikuwa akiiloweka. Kwa hiyo mradi ulipotafuta watu wa mashimo ya chokaa, nilipata kazi siku hiyohiyo. Mpimaji hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita Bi Chokaa.

Urafiki wetu ulianza na kosa lake. Ili kupima ukuta alihitaji kuupaka eneo moja jeupe, ukubwa wa mkeka, halafu alinyunyizie madoa meusi. Alikuja na makopo ya rangi ya dukani. Baada ya wiki moja rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, ikabanduka yote na madoa yake. Akapaka tena, ikabanduka tena. Mara ya tatu nilishindwa kunyamaza.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Bi Chokaa. Umekuja kunicheka?"

"Kidogo. Mzee, ukuta huu unatoka jasho. Rangi ya kopo inauziba pua."

Nikampakia chokaa nyembamba, mara mbili, moja juu ya nyingine. Nikaponda masizi ya sufuria, nikayakanda kwa maji ya chokaa. Brashi ndogo sikuwa nayo, basi nikachukua fagio la chelewa, nikachovya ncha zake, nikalikung'uta ukutani. Madoa yakatua yanavyotaka, makubwa kwa madogo, huku yamebanana, kule yameachana, mfano wa manyoya ya ndege kanga. Alisimama akitazama kwa muda mrefu sana.

"Nani kakufundisha hivi?"

"Hakuna. Nimekosa brashi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo, kuta zote alizopima kwenye magofu zilikung'utiwa madoa kwa fagio la chelewa, na kila baada ya mvua aliniita nione: madoa yamo, yameshika kama yamezaliwa na ukuta.

Tulimuuliza madoa yale ni ya nini. Alikuwa na namna yake ya kueleza, polepole, akikutazama usoni kuona kama umeachwa nyuma. Kamera yake ilipiga picha ya ukuta kila wiki kutoka mahali palepale: alikuwa amezika kigingi cha saruji, na juu yake vishimo vitatu vya miguu ya stendi. Kompyuta iliikata picha vipande vidogo vidogo, ikakitambua kila kipande kwa madoa yake, kama mama anavyomtambua mwanawe kwenye kundi la watoto. Wiki iliyofuata iliangalia kila kipande kimekwenda wapi. Kikiwa kimesogea hata nusu ya unene wa unywele, iliona. Halafu ilichora ukuta wote kwa rangi: buluu palipotulia, nyekundu panapokwenda.

"Na itajuaje kwamba si wewe uliyesogea na kamera yako?" aliuliza fundi mkuu, ambaye alipenda kumkamata.

"Swali zuri," alisema Mpimaji, na ilionekana amefurahi kweli. "Lazima ndani ya picha kuwe na kitu kimoja kisichosogea. Jiwe la pembeni lililokaa kwenye mwamba, kwa mfano. Vingine vyote vinapimwa kutoka hapo. Bila kitu kimoja kisichosogea, huwezi kujua nani kasogea. Utasema ukuta umehama, kumbe ni wewe."

Kila aliyepita pale, awe mvuvi, mgeni au askari wa magofu, alimwambia jambo moja: usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliisema kama watu waliomletea habari mpya. Methali hiyo ilimkera kuliko mbu.

"Aliyesema hivyo," alijibu kila mara, "alikuwa anauza saruji."

Akipata mtu wa kumsikiliza, aliendelea. Ufa unaotoka na kurudi, alisema, ni mtu wa humo ndani. Mvua ikinyesha unafunguka, kiangazi unafunga, na umefanya hivyo tangu enzi za waliojenga. Ukiuziba kwa saruji wakati uko wazi, siku ukuta ukitaka kurudi utakuta mahali pake pameshakaliwa, na utapasuka kwingine. Wa kuogopwa ni ule unaotoka tu. "Huo umehama. Mkimbie." Lakini kwa macho nyufa hizo mbili hazina tofauti. Ndiyo maana ya picha, na ndiyo maana ya mwaka mzima.

Mtu anayepima nusu ya unywele ungetegemea awe amenyooka katika mambo yote. Hakuwa hivyo. Akisema Jumatatu, alifika Jumatano. Simu yake ilikuwa imezimika wakati wote. Miwani yake ilikuwa na ufa kioo cha kushoto, kutoka juu hadi chini, na alitembea nayo hivyo miaka yote niliyofanya naye kazi. Ukimwambia kuhusu hilo alisema, "Huo nimeuchunguza. Hausogei." Chumba alichopanga Masoko nacho kilikuwa na ufa juu ya kitanda, mpana wa kuingiza kidole. Alikuwa ameutundikia kalenda. Nilipomuuliza mbona huo haupimi, alinitazama kama nimemtukana.

"Pale nalala, Bi Chokaa. Sitaki kujua."

Na watu hakuweza kuwapiga picha kabisa. Msimu ulipokwisha tulijipanga mbele ya lango la msikiti wa kale, tumechana nywele na kuosha miguu, tukamwomba picha moja ya ukumbusho. Alipiga. Tulipoiona, hakuna aliyekuwa na kichwa. Nyuma yetu kila jiwe lilionekana mpaka vinyweleo vyake.

"Ukuta umetoka vizuri," alisema kwa uaminifu.

Sasa niseme la nyumba yetu, maana bila hilo angebaki kwangu kichekesho cha kazini tu.

Ukuta wetu wa magharibi, upande wa bafu, ulikuwa na ufa kuanzia kona ya dirisha mpaka chini. Mama alipokuwa hai tulikuwa tunauona kama sehemu ya nyumba. Baada ya arobaini yake, baba mdogo, anayelima korosho Mitole, aliuingiza vidole vitatu, akavitoa, akavitazama. Kisha akatuita ukumbini.

"Nyumba hii itawaangukia," alisema. "Zuhura na Rajabu nitaondoka nao Mitole. Saidi ataenda kwa mjomba wake Lindi. Na wewe, mwanangu, tutakutafutia mtu mwema."

Hakuwa mtu mbaya, na ninataka ieleweke hivyo. Alikuwa ameogopa, alikuwa amezika kaka na shemeji, na hakutaka kuzika watoto. Lakini mama, siku zake za mwisho, alinishika mkono akasema neno moja tu, "Wasitawanyike." Nikampigia baba mdogo magoti.

"Baba, nipe mwaka. Ukuta ukipimwa ukaonekana unakwenda, nitakuletea watoto mwenyewe mpaka Mitole, na vyombo vyao."

"Mpaka Idi Kubwa ya mwakani," alisema. "Sitangoja zaidi ya hapo. Na asiseme mwanafunzi wa nani sijui. Huyo mpimaji wako aseme kwa mdomo wake."

Nilivuka kwenda kisiwani kesho yake, nikamweleza Mpimaji yote. Nilidhani atanihurumia.

"Siwezi kukuambia kitu leo," alisema. "Ukuta hauulizwi mara moja."

"Mzee, sema tu kwamba ni salama. Baba mdogo atakuamini."

"Na ukiwaangukia?"

Nilikasirika, nikarudi kwenye shimo langu la chokaa, nikaikoroga kwa nguvu mpaka ikanirukia usoni. Jioni alipita akasema, "Nitakuja Jumatatu." Akaja Jumatano, na kigingi cha saruji begani, akitembea kutoka gatini kama mtu aliyebeba mtoto.

Alizika kigingi uani. Nikapaka chokaa. Madoa alimwachia Saidi, aliyekuwa na miaka kumi na mitano na kila kitu chake kimepangwa. Hata viatu vyake vilipanga foleni. Saidi alitumia mchana mzima kuchora madoa kwa kidole, mistari iliyonyooka, yote sawasawa. Ilikuwa kazi nzuri kutazama. Mpimaji aliitazama akakuna kichwa.

"Mwanangu, umenipangia wanafunzi mstari wa asubuhi, wote wana sare, wote kimo kimoja. Sasa Juma nitamjuaje?"

Tukapaka upya, nikakung'uta chelewa. Halafu akahitaji kitu chenye kipimo cha kubaki ukutani ili kompyuta ijue ukubwa. Nikaingia ndani, nikatoa rula yangu ya kidato cha pili, ya plastiki, yenye jina langu kwa wino. Akaigandisha pembeni ya jiwe la kona, lile kubwa ambalo babu aliliweka kwanza, juu ya mwamba. Imo katika kila picha ya ukuta ule. Mara nyingine nilikuwa nafikiri rula ile imesoma kuliko mimi.

Kwa kuwa hakuweza kuvuka kila wiki, aliniachia kamera yake ndogo ya zamani na akanifundisha. Kila Ijumaa asubuhi, saa moja, wakati jua liko upande wa pili wa nyumba. Usiguse stendi ikishakaa. Mwenye kupita asimamishwe. Andika mvua, andika joto, andika nani kaegemea. Nilinunua daftari. Ndugu zangu wakazoea: Ijumaa asubuhi hakuna kuoga mpaka Dada amalize.

Mvua zilipokuja ufa ukafunguka. Nilikuwa naona hata bila kompyuta. Mpimaji alipotuonyesha picha za rangi, upande wa juu ulikuwa buluu, lakini chini, karibu na bafu, ulikuwa mwekundu kama pilipili.

"Mnaogea wapi maji yakienda?" aliuliza.

Tukatazamana. Maji ya bafu yalikuwa yakiishia palepale chini ya ukuta, miaka yote, na udongo wa pale ni mfinyanzi; ukinywa unavimba. Saidi na mimi tulichimba mtaro mpaka kwenye migomba. Ilituchukua siku nne. Baba mdogo alipita kipindi hichohicho, akaingiza vidole kwenye ufa, safari hii vikaingia na cha nne. Alimshika Rajabu kichwani, akaondoka.

"Sasa?" nilimuuliza Mpimaji.

"Sasa tungoje kiangazi. Tuone kama unarudi."

"Usiporudi?"

"Nitakwambia vilevile," alisema. Na nilijua angeniambia.

Tulikubaliana picha ya mwisho ipigwe asubuhi ya Idi Kubwa, kwa kuwa baba mdogo angekuja mchana kula na kusikia jibu. Mkesha wa Idi nilichelewa kurudi kutoka kisiwani, giza limeshaingia, nikaingia jikoni moja kwa moja. Nilimwona Zuhura ana chokaa kwenye nywele, akitabasamu peke yake, nikadhani amesaidia jirani.

Asubuhi Saidi na Rajabu wakaenda kuswali. Hodi ikapigwa: Mpimaji, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kwa wakati. Tukazunguka nyumba pamoja. Ukuta wa magharibi ulikuwa mweupe wote, kutoka paa mpaka chini. Hakuna doa hata moja.

Idi ndogo ilikuwa imetupita bila chokaa. Hatukuwa na moyo. Nyumba zote za Pande zilipakwa ila yetu. Zuhura, mwenye miaka kumi na mbili, aliwaza kwamba baba mdogo akikuta nyumba inang'aa kama za wenzetu, ataona kwamba tunaweza kukaa wenyewe. Alipaka mbele, akapaka pembeni, na alipofika kwenye madoa akaona ndiyo yanayoharibu zaidi.

Sasa alisimama mlangoni na gauni lake jipya, akiona nyuso zetu, akaanza kulia bila sauti. Mpimaji alimtazama, akatazama ukuta. Nilingoja apige kelele.

"Umepaka vizuri," alimwambia. "Hujaruka hata kona." Kisha akaketi juu ya ndoo. "Basi, Bi Chokaa. Leo sikukuu. Kesho tutafikiri."

"Kesho itakuwa jiwe," nilisema.

"Nini?"

"Chokaa, Mzee. Umepaka saa ngapi, Zuhura?"

"Alasiri," alisema kwa kwikwi.

Chokaa ya tangu alasiri bado ni uji uliokauka. Ukiilowesha inaondoka. Ya mwaka mzima imeshakuwa sehemu ya ukuta, na masizi yangu yalikuwa ndani ya ile ya mwaka mzima. Sikumweleza, nilichukua ndoo nyingine na kitambaa laini. Nikaanza juu, kwa kulowesha tu, bila kusugua. Maziwa meupe yakateremka ukutani, yakanichuruzikia mkononi, yakaingia kwenye mikono ya gauni la Idi. Mara likatokea doa moja. Halafu jingine, kubwa, pembeni yake. Mpimaji aliinuka kwenye ndoo akanong'ona kitu cha Kimakonde.

"Maji," nilisema.

Akakimbia kuchota. Mzee wa mvi, anakimbia na ndoo, na Zuhura nyuma yake na sufuria.

Watu walikuwa wanarudi kutoka kuswali. Wakasimama njiani na kanzu zao.

"Jamani, leo Idi unafua ukuta?"

"Wenzio wanapaka, wewe unapakua!"

"Mwacheni," jirani mmoja, bibi mtu mzima, alisema, "huyo ana msiba bado." Halafu akanisogelea na kuuliza polepole, "Mwanangu, unaumwa?"

"Sijambo, bibi. Idi njema. Usiegemee hapo tafadhali."

Robo ya madoa ilipotea. Mpimaji aliyahesabu yaliyobaki kwa macho, akasema yanatosha, lakini ukuta ukauke kwanza, maana ukiwa umelowa sura yake si ile. Tukakaa kuungoja. Jua hufika upande ule saa nane. Kwenye saa sita ukuta ulikuwa mkavu. Akapiga picha, akaandika kwenye daftari: saa sita badala ya saa moja, umeoshwa, Idi.

Baba mdogo alifika na mama mdogo tukiwa tumekaa barazani kuzunguka kompyuta. Alisalimiwa, akapewa kiti, akakataa, akasimama nyuma yetu. Picha ya mwaka jana kushoto, ya leo kulia. Kompyuta ilifikiri. Sijawahi kuona kitu kinafikiri muda mrefu vile. Kisha ukuta ukajichora, buluu, buluu, buluu mpaka chini, na karibu na bafu kipande cha kijani.

"Umerudi," alisema Mpimaji.

"Wote?" niliuliza.

"Umebakiza unene wa unywele mmoja. Huo wa maji yenu. Mtaro bado mchanga."

Baba mdogo alikohoa. "Kwa hiyo nyumba ni salama?"

Nilimtazama Mpimaji. Neno moja tu. Mwaka mzima nilikuwa nalingoja. Akavua miwani yake, akaipangusa, akaivaa.

"Sisemi haitaanguka," alisema. "Kila kilichojengwa kitaanguka. Nasema mwaka huu haikwenda popote."

"Hilo si jibu, mzee mwenzangu."

"Ndilo nililonalo."

Tukala. Pilau ilikuwa nzuri, lakini sikuisikia ladha. Baba mdogo alikula akitazama chini, na mama mdogo alikuwa amemkalisha Rajabu karibu naye. Mpimaji alipomaliza alinawa, akashukuru, akaomba mkeka. Nilidhani anataka kupumzika barazani kama wageni wote. Aliuchukua, akazunguka nyumba. Tukamfuata kwa macho, halafu kwa miguu.

Alikuwa ameutandika chini ya ukuta wa magharibi, kichwa chake mahali ufa unapokutana na ardhi. Akavua viatu, akavipanga. Akalala chali, akafunika uso kwa kofia. Haukupita muda akaanza kukoroma.

Saidi, aliyekuwa amesikia hadithi ya mwavuli mara mia, alimtazama baba mdogo. "Baba, huyu mtu Songo Mnara alikuwa anakula juani."

"Kwa nini?"

"Hakai chini ya ukuta asioujua."

Baba mdogo alisimama pale. Mpimaji alikoroma, inzi akatembea juu ya kofia. Kisha baba mdogo akarudi barazani, akaketi kwenye kile kiti alichokikataa, akasema, "Zuhura, kahawa ipo?"

Waliondoka jioni na bakuli la pilau la kupeleka Mitole. Mtoto hawakuondoka naye.

Mradi ulikwisha, Mpimaji akastaafu akarudi kwao juu. Kamera ndogo hakuidai. Nilipata habari zake mara mojamoja, na kila mara aliyezileta aliulizwa na mimi swali moja, kama bado anachelewa. Bado, walisema, anachelewa.

Idi Kubwa iliyopita alikuja. Alikuwa ameahidi kuja Idi ndogo. Ndugu zangu walikuwepo wote: Saidi anafundisha Lindi, Zuhura ameolewa Masoko, Rajabu yuko chuoni. Wameondoka kila mmoja kwa mlango, kwa wakati wake, na wanarudi. Zuhura ndiye mwenye kupaka nyumba chokaa hadi leo. Hamruhusu mtu mwingine, na anaacha eneo moja ukubwa wa mkeka. Mume wangu alipohamia hapa alidhani chokaa iliisha.

Mpimaji amepungua mwili, na anatembea na fimbo. Alikuwa na miwani mipya. Nilimuuliza ile nyingine.

"Ule ufa ulihama," alisema.

Nikamletea madaftari, sita, na kadi zote za picha. Ijumaa kwa Ijumaa. Alifungua la kwanza, akasoma kwa kidole, akaingia la pili, la tatu, la nne. Chai ikapoa. Hatimaye kidole kikasimama.

"Ijumaa hii hakuna."

"Ijumaa hiyo nilijifungua, Mzee."

"Basi andika."

Nikaandika. Akatazama mpaka nilipomaliza, akafunga daftari, akainuka na fimbo yake, akatuamuru wote twende nyuma ya nyumba. Alitaka kupiga picha. Nikasogea pembeni kama nilivyozoea kumpisha, nikawasogeza na watoto.

"Unakwenda wapi?" aliuliza. "Nataka nyie."

"Safari hii tutapewa na vichwa?" Saidi aliuliza.

"Tutaona."

Akakaza stendi kwenye kigingi chake. Kisha akanijia, akanishika kiwiko, akaniongoza mpaka kwenye jiwe la kona, ubavuni mwa rula.

"Bi Chokaa, wewe hapa. Usisogee."

"Na sisi tukae wapi?" Zuhura aliuliza.

"Popote," alisema, akirudi kwenye kamera. "Mwakani pia popote. Nitawapima kutoka kwake."

Zuhura akacheka, Rajabu akamnyanyua mwanangu begani, Saidi akainamisha kichwa makusudi ili kisikatwe. Mzee akainama. Sikusogea.